Chenso hukata, nani anachanja?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma likiwa limezeeka siku mbili. Hapa Ng'ambo, Tabora, linaanzia kwa jirani yangu fundi cherehani, yeye akimaliza linakuja kwangu, nami nikimaliza linafungia vitumbua. Kwa hiyo nisamehe kama najibu jambo ambalo wenzangu wamekwisha kulisahau.

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba kuchanja kuni kwa shoka ni mateso ya kujitakia. Alisema chenso moja, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini, humaliza kwa saa moja kazi ya wanaume kumi, na wanaong'ang'ania shoka wanapenda jasho kuliko akili. Nilicheka kwanza. Kisha nikaviangalia viganja vyangu, nikamwomba mjukuu anitafutie kalamu.

Mimi nimepika katika shule moja ya bweni hapa mkoani kwa miaka 19, tangu 2002 hadi 2021. Jina la shule sitalitaja, waliopo sasa si wao waliokuwepo. Siku hizi napika shughuli: harusi, ubarikio, maulidi, arobaini. Barua yangu ya kazi iliandikwa "mpishi". Haikuandikwa popote kwamba nitachanja kuni. Lakini asubuhi nyingi katika miaka hiyo, kabla mkono wangu haujagusa mwiko, ulikuwa umekwisha kushika shoka kwa saa nzima, pengine na zaidi.

Sasa nimjibu ndugu yangu. Chenso hukata. Haichanji. Hizo ni kazi mbili, na yeye amezichanganya kama mtu anayesema kwa kuwa tuna mashine ya kukoboa basi ugali umeiva. Kukata ni kulipita gogo kwa upana wake, kuzikatiza nyuzi za mti. Kuchanja ni kuliachanisha kwa urefu, ukifuata zile nyuzi zinavyokwenda. Meno ya mnyororo wa chenso yamenolewa kwa ile kazi ya kwanza, na kwa kazi hiyo sina ubishi naye hata kidogo. Marehemu baba alikuwa mpasua mbao upande wa Sikonge, enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo anakula unga wa mbao kwa macho na pua. Gogo la mninga walilolihangaikia kutwa kulikata vipande, leo kijana analikata kabla uji haujapoa. Baba angeiona chenso angeibusu.

Tatizo linaanza pale kijana anapozima mashine. Ameacha nini chini? Ameacha mapande. Mapande ya mviringo, mazito, mengine mapana kuliko sufuria la pilau la kilo ishirini, yamevikwa gome zima kama siku yalipokuwa mti. Anayapakia kwenye kenta, anayamwaga nyuma ya jiko la shule, anasaini kitabu cha mtunza stoo, analipwa, anaondoka. Kwenye karatasi zimepokelewa "kuni". Nyuma ya jiko sisi wapishi tumesimama tunatazama kitu ambacho bado si kuni.

Kwa nini wanaleta hivyo? Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini chanzo ni tumbaku. Mkoa wetu, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Sikonge na Uyui, umekausha tumbaku ya mvuke, ile ya kukaushwa kwa joto la moto, kwa kuni kwa miaka mingi. Bani la zamani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku, lina mdomo mpana wa moto, na moto wenyewe hauzimwi, unakwenda usiku na mchana karibu wiki nzima hadi jani likauke na kikonyo chake. Mle gogo zima linaingia. Tena mkulima analipenda gogo zima, linaungua polepole naye anapata kulala. Mabani ya kisasa yanayotaka kuni nyembamba yamekuja baadaye, lakini mkono wa mkata kuni umekwisha kuzoea. Anakata kwa kipimo cha bani, kisha anamletea mpishi.

Sisi tulikuwa na majiko banifu. Aliyejenga yale majiko aliyajenga vizuri, Mungu amlipe: sufuria inazama ndani, moshi unatoka kwa bomba, na mdomo wa kuni ni mdogo makusudi ili hewa iingie kwa kiasi. Jiko la namna ile linataka kuni nene kama mkono wa mtu mzima, ndefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukilipa pande la mti wa mtundu lenye upana wa beseni, ni kama kumlisha mtoto mchanga muhogo mbichi. Basi siku ambazo shoka limevunjika mpini, au mwenzetu anaumwa mgongo, tulifanya nini? Tuliyaacha majiko banifu yamekaa yanatutazama, tukatoka nje, tukapanga mafiga matatu makubwa na kusukumia mapande hayohayo chini ya sufuria. Wageni wa mkoa walipokuja walituuliza kwa nini tunaharibu kuni na majiko ya kisasa tunayo. Mkuu wa jiko akasema wapishi hawajapewa elimu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na shoka.

Nisieleweke vibaya, kuchanja nakujua na nakupenda. Baba hakuwa na mtoto wa kiume hadi nilipofikisha miaka kumi na mbili, kwa hiyo shoka lilinikuta mimi. Na kwa kuwa ndugu msomaji ameandika kama vile ni kazi ya nguvu tupu, nimweleze kidogo.

Kwanza ujue shoka lenyewe. Lile la kienyeji, ambalo ulimi wake umepenya kwenye kirungu cha mpini, ni la matawi na fito. Ukilipigia pande la mti mzima utapasua kirungu. La kuangushia mti, lile la dukani lenye tundu, lina mashavu membamba, linazama na kunasa humo, utalitikisa hadi ukome. La kuchanjia linataka mashavu mapana yanayosukuma huku na huku, na wala halihitaji makali ya wembe. Mpini wangu ni wa mkole. Umebadilishwa mara nne, kichwa ni kilekile.

Pili, pande pana halipigwi katikati. Katikati ndipo mti ulipokazana, utapiga hadi mabega yaite mama. Unaanza ukingoni, unabandua ubao mmoja wenye unene wa kiganja, unazunguka, unabandua mwingine, hadi kinabaki kiini peke yake nacho kinajiachia. Kabla ya yote tazama vichwa vya pande. Likikaa juani wiki mbili tatu hupata nyufa kama kisigino cha mtu mwezi wa nane. Ufa mkubwa ndio unaokuonyesha pa kupita, ufuate. Penye fundo usipaguse mwanzoni. Geuza, anzia upande ulio safi, fundo litajikuta limebaki peke yake. Baba alikuwa analigongagonga pande kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Mti mbichi unasema *bu*. Mkavu unasema *ko*.

Tatu, miguu iachane, na pande likae juu ya kitako cha gogo, si juu ya udongo. Shoka linaposhuka unakunja magoti kidogo, ili likikosa liishie kwenye kitako badala ya kuutafuta muundi wako. Na siri niliyoigundua mwenyewe, baba hakunifundisha: tairi bovu la gari. Unalilaza juu ya kitako, pande linasimama ndani yake, unachanja unavyotaka na vipande havirukiruki. Ukimaliza unabeba kuni zote kwa mara moja kama shada la maua. Wanafunzi walikuwa wakiniita Mama Tairi.

Kila mti una tabia yake pia. Mtundu ukiwa na uzi ulionyooka unaachia vizuri. Mlama ni mgumu lakini moto wake hauna mfano, makaa yanakaa hadi maharage yaive. Mkaratusi uchanje ungali mbichi, ukiusubiri ukauke nyuzi zake zilizosokotana zinakuwa kama kamba ya katani. Mwembe, jamani mwembe! Tabora ni mji wa miembe, kila mtu anajua, na kila masika upepo unaangusha mmoja mahali fulani na mtu wa zabuni anaona ameokota pesa. Pale shina linapogawanyika matawi, nyuzi zimeingiana kama vidole vya watu waliopatana. Nitaurudia mwembe baadaye.

Nilichokosa kujua kiliniachia alama. Mwaka 2009 tuliletewa mapande ambayo shoka halikuyaweza, na shule haikuwa na kabari. Nikachukua kichwa cha shoka kuukuu, nikakisimamisha kwenye ufa, nikakipiga kwa nyundo kubwa ya gereji. Chuma kigumu kwa chuma kigumu. Pigo la tatu kikatoka kipande kidogo kama punje ya mchele kikapita juu ya jicho langu la kushoto. Nilishonwa nyuzi tatu. Kingeshuka upana wa kidole kimoja, barua hii ningemtuma mtu aiandike. Kosa lilikuwa langu, nakubali. Kabari hutengenezwa kwa chuma laini kidogo upande wa kupigwa, na kichwa chake kikianza kuchanua kama uyoga unakisaga kwa tupa. Baadaye mhunzi alinitengenezea mbili kwa ekseli ya lori. Nilizilipia mwenyewe. Nilipopeleka madai, nikaambiwa kabari si kifaa cha jikoni.

Sasa kuhusu hiyo saa moja ya wanaume kumi. Mtoto wa marehemu dada yangu anaishi kwa chenso. Anaitwa kwenye nyumba za watu kukata mwarobaini ulioangukia ukuta na mambo kama hayo. Baada ya kuisoma barua ile nilimwita, nikamwambia: mwanangu, njoo na mashine yako, unichanjie mapande matano, usitumie kitu kingine.

Alikuja amevaa kandambili. Nikamrudisha. Sikutania. Mnyororo ule unakimbia karibu mita 20 kwa sekunde moja, na ncha ya juu ya ule upanga wake, chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka, ikigusa mti vibaya, msumeno wote hurukia uso wa aliyeushika. Hapa mjini namfahamu kijana aliyepoteza nyama ya paja kwa kukata akiwa amesimama juu ya gogo lenyewe. Mwanangu akarudi na buti na suruali ya jinzi, akanuna, akaanza.

Pande la kwanza alilisimamisha, akashusha msumeno kutoka juu, kwa urefu wa nyuzi. Nilibandika chai. Chai ikachemka, nikaiipua, nikaimimina, yeye bado yuko nusu, na chini panamwagika unga laini kama sembe. Mashine inalia hadi kuku wa jirani wamehama. La pili akalilaza ubavu, akapitisha msumeno kwa ubavuni. Hapo ikawa haraka, lakini badala ya unga ikatoka nyuzi ndefu kama tambi, zikajaa kwenye mfuniko wa mnyororo, mashine ikakwama. Akazima, akachokonoa kwa kijiti, akawasha, ikajaa tena. Pande la tatu lilikuwa na udongo wa mchwa kwenye gome. Mnyororo ukala udongo ule, ukawa butu, akatoa tupa akaketi kunoa jino moja moja.

"Mama mdogo," akasema, "petroli hii ningekata kenta nzima."

Na petroli yake si petroli peke yake. Injini ile inataka oili ichanganywe humohumo, mashine yake mililita 20 kwa kila lita moja, na vijana wengi wanapima kwa kizibo cha soda na kumwachia Mungu. Kuna oili nyingine ya kulainisha mnyororo. Piga hesabu mwenyewe kama kuni za namna hiyo zitapikia nani maharage.

Lakini tulijifunza kitu, na hiki ndicho ningependa msomaji mwenzangu akichukue. Pande la nne lilikuwa na fundo baya katikati. Nikamwambia usilipasue, nichoree mfereji tu, kina cha kiganja, unaopita juu ya kiini. Akachora kwa muda mfupi sana. Nikasimamisha kabari yangu kwenye mfereji, nikapiga mara tatu. Likafunguka kama kitabu. La tano vivyo hivyo. Tukatazamana, naye akaweka mashine chini akashika shoka, akaanza kubandua kingo nilivyomwonyesha, na kwa muda ambao alitumia kuhangaika na pande moja tukawa tumemaliza yale mawili hadi unene wa mkono. Sikumwambia nilikuwa nimeshinda, kwa kuwa bila mfereji wake nisingelifungua lile pande.

Tena kama anayekata angefikiria kidogo kabla ya kukata, nusu ya shida isingekuwepo. Pande la sentimita 40 linachanjika. Pande la mita moja la mti uleule linataka kabari mbili na mtu wa kukushikia. Tofauti kwa kijana wa chenso ni kupitisha msumeno mara mbili zaidi. Tofauti kwa mpishi ni mgongo.

Kuna jambo la ukavu nalo. Mvua zetu huku zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Gogo lililofunikwa gome linashikilia maji yake miezi na miezi, maji yanatoka kwa shida kupitia vichwani tu. Ukilichanja mwezi wa tano, likapigwa jua na upepo wa kiangazi chote, ifikapo Oktoba una kuni. Ukiliacha pande zima, Januari bado linatoa povu kichwani ukilitia motoni. Lile povu ni moto wako unachemsha maji ya mti kabla haujachemsha ya sufuria. Na moshi wake mnaujua. Sisi watu wa kanda hii tunajua zaidi, maana tumeona akina mama wazee wakinyooshewa kidole kuwa ni wachawi, na wengine wakauawa, kwa kuwa macho yao yamekuwa mekundu. Miaka ya moshi ndiyo inayoyafanya mekundu. Nikiwa kazini nilikuwa naogopa kwenda kumsalimia shangazi kijijini mwezi wa kuni mbichi. Mtu akisikia atacheka tu, lakini niliogopa kweli.

Mtasema shule sasa zinapikia gesi. Najua. Serikali iliweka mwisho wa Januari 2024 kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Aliyemeza moshi kwa miaka 19 hawezi kupinga gesi, mimi ningeipigia vigelegele hata usiku wa manane. Ila huwa naongea na wenzangu waliobaki majikoni, wala si wa shule moja tu, na mambo yako hivi. Gesi ikiisha kabla fungu halijaingia, watoto hawaambiwi wasubiri. Kenta inarudi kwa mlango wa nyuma. Na kwa kuwa inarudi kimyakimya, hakuna anayeuliza imeleta kuni za namna gani. Huko nyuma angalau mtunza stoo alikuwa akilalamika.

Na nje ya shule, kuni bado ndizo zinazopika nchi hii. Dada wa vitumbua, mama wa pombe, mimi na pilau langu.

Msomaji wenu amezungumzia pia misitu, akasema kasi ya chenso inaokoa muda wa kwenda porini. Hapo nitapita haraka maana wataalamu wapo. Nasema tu nilichokiona. Shoka la mama halikuwahi kuangusha mtundu wa kukumbatiwa na watu wawili. Tulikuwa tunarudi na matawi makavu kwa sababu hayo ndiyo tuliyoyaweza. Mti mnene ulilindwa na unene wake. Chenso imeuondolea ulinzi huo, na sasa mti ambao ungekuwa mbao, au ungebeba mizinga ya nyuki, unaishia kuwa pande ambalo hakuna anayeweza kulichanja. Kibali cha kuvuna kipo kisheria tangu zamani. Ila kibali hakisemi lolote juu ya pande likifika jikoni.

Ninachotaka ni kidogo. Anayenunua kuni, awe bwana shule, mwenye hoteli au mwenye harusi, aandike kwenye makubaliano: zilizochanjwa, unene wa mkono, urefu wa kuingia jikoni, za kiangazi kilichopita. Na hiyo kazi ya kuchanja iwe na bei yake na mtu wake. Leo mwenye msitu analipwa, mwenye chenso analipwa, mwenye kenta analipwa, mpagazi analipwa. Anayechanja ni mpishi, kwa kuwa yupo pale na moto unamsubiri.

Mimi nimekwisha kuanza. Mwezi uliopita baba wa bibi harusi mmoja wa Isevya, hapahapa mjini, alinionyesha mapande sita ya mwarobaini uwanjani kwake, akaniambia kwa fahari: "Bi Mkubwa, kuni hizo hapo, tumemaliza mambo." Nikamwambia kuni sizioni, naona viti. Akacheka. Nikamtajia bei ya kupika, halafu nikamtajia bei ya kuchanja, mbali. Akaacha kucheka. Akaniuliza tangu lini kuchanja kunalipiwa. Mkewe alikuwa anapepeta mchele pembeni, akajibu yeye kabla yangu: "Tangu leo." Tukaelewana elfu kumi, nikamleta mwanangu na buti zake, yeye na msumeno, mimi na kabari, na pilau liliwekwa mezani saa saba kamili.

Nilisema nitaurudia mwembe. Siku niliyomaliza kazi 2021, wenzangu walinichangia kitenge na beseni. Mtunza stoo naye, mzaha wake, akanipakilia kwenye toyo pande moja la mwembe ambalo lilikuwa nyuma ya jiko miaka mitatu, tumelipiga wote na likatushinda wote, na bado lina alama za shoka langu juu kama mtu aliyechanjwa chale. Liko uani kwangu hadi leo. Wajukuu wanalikalia, kuku wanalala ubavuni pake. Limepita viangazi kadhaa sasa, na wiki iliyopita nilipokuwa nafagia niliona ufa uliokuwa ukingoni umetambaa hadi kwenye kiini, nikaingiza ncha ya kisu ikazama yote. Mwanangu anasema nimruhusu alichoree mfereji. Nimemkatalia. Nasubiri Septemba, jua la Septemba lilipige kwanza.

Wako,
Mpishi mstaafu,
Ng'ambo, Tabora